Ngoma za Haiti, fidla za Brussels, na kwa nini mikisi yako inapwaya

SWALI: “Mimi ni prodyuza mdogo hapa Tanga, natengeneza zaidi singeli na bongo fleva. Rafiki yangu anaunda gemu ya simu kuhusu watoro, wale watumwa waliotoroka mashambani huku kwetu pwani, na kanipa kazi ya muziki. Mfano wetu ni Freedom Cry, ile gemu ya Adéwalé. Nyimbo zake za Kihaiti zikichanganyika na okestra zinanisisimua mwili mzima. Nimekata ngoma na sauti za waimbaji kutoka video ya mtandaoni ya ibada ya Vodou, dini ya jadi ya Haiti, nikatandika fidla za kompyuta juu yake, lakini haiji. Fidla kila mara zinabaki nyuma, na nikiibana ngoma kwenye gridi, ile mistari ya hesabu ya programu, inasikika kama imelewa. Nimebadili kompyuta nikachukua yenye nguvu zaidi, hali ni ileile. Mama naye kasikia, akauliza nyimbo za mizimu zinafanya nini nyumbani kwake. Kuhusu ruhusa sina wasiwasi, maana nyimbo za asili hazina mwenyewe. Wenzetu walifanyaje, na mimi nifanyeje?”

JIBU: Mdogo wangu, salamu zako nimezipokea. Umeuliza kuhusu fidla, lakini mle ndani mna mambo matatu: fidla zinazochelewa, nyimbo ambazo unadhani hazina mwenyewe, na mama ambaye anastahili jibu la heshima. Kompyuta haimo kabisa. Hata ungenunua ya milioni kumi, mikisi ingepwaya vilevile, kwa sababu kosa haliko kwenye kasi ya mashine. Liko kwenye nani anamfuata nani. Wewe umeitaka ngoma iifuate gridi, kisha fidla zifuate gridi hiyohiyo, na umetegemea vitakutana. Katika muziki wa Haiti, kama ilivyo katika ngoma zetu nyingi, wote wanakifuata kipande cha chuma.

Nikueleze kwanza walichofanya wenzetu, maana nahisi unadhani walifanya ulichofanya wewe ila kwa pesa nyingi zaidi. Freedom Cry ilitoka Desemba 2013 kama nyongeza ya Assassin's Creed IV: Black Flag. Muziki wa gemu mama ulitungwa na Brian Tyler. Nyongeza alipewa Mfaransa, Olivier Derivière. Hadithi unaijua: Adéwalé, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa mtumwa, anajikuta Saint-Domingue, koloni ya Ufaransa ambayo leo ndiyo Haiti, mwaka 1735. (Gemu inamtembeza katika mji wa Port-au-Prince, ambao ulianzishwa 1749. Wamejipa ruhusa, na mimi kwa ajili ya muziki ule nimewasamehe.)

Derivière hakukata video ya mtu. Alikwenda kwa La Troupe Makandal, kundi la ngoma na nyimbo lililoanzia Port-au-Prince mwaka 1973 na kuhamia New York 1981. Kwa miaka mingi liliongozwa na mpigaji Frisner Augustin, ambaye mwaka 1999 alipewa na serikali ya Marekani tuzo yake kubwa ya sanaa za jadi, na akafariki 2012, mwaka mmoja tu kabla ya gemu kutoka. Jina la kundi ni la François Makandal, kiongozi wa watoro aliyechomwa moto hadharani huko Cap-Français Januari 1758. Kwa hiyo waliokuwa wakiimba ndani ya gemu ya watumwa wanaotoroka ni watu wanaobeba jina la mtoro, na nyimbo hizo hawakufundishwa studio. Upande wa pili akaweka okestra ya Brussels Philharmonic ya Ubelgiji. Pande mbili, kila mmoja bingwa katika kazi yake, na mtunzi katikati akiwa na kazi moja ngumu: kuhakikisha wakubwa wawili hawakanyagani.

Sasa tuingie jikoni.

Chukua mdundo unaoitwa yanvalou, mmoja wa midundo mikuu ya Rada, kundi mojawapo la ibada za Vodou, ambalo jina na asili yake vinarudi Allada, ufalme wa zamani katika nchi ambayo leo ni Benin. Ngoma ni tatu. Kubwa ni manman, ndiyo inayosema. Ya kati ni segon. Ndogo ni boula, ambayo huku tungesema ndiyo chapuo yao, inapigwa kwa fimbo mbili bila kupumzika. Juu ya zote tatu kuna ogan, chuma: pengine kengele, pengine jembe bovu lililokosa mpini. Ukisikiliza kwa haraka utadhani ogan ni kikorombwezo tu, lakini ndiyo saa ya nyumba nzima.

Usinisadiki kwa maneno. Chukua kijiko na chupa tupu. Hesabu kutoka moja hadi kumi na mbili, kwa mwendo uleule, bila kusimama, ukifika mwisho urudi moja. Piga chupa kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Mapigo saba. Mpangilio huu utaukuta katika yanvalou, na pia pande nyingi za Afrika Magharibi. Ukishauzoea, anza kukanyaga mguu kwenye 1, 4, 7 na 10. Mara ya kwanza utajikwaa, na ni kawaida. Angalia kinachotokea: mguu unakanyaga mara nne katika mzunguko, lakini chuma kinakutana nao mara mbili tu, kwenye 1 na 10. Sehemu nyingine zote kinapita kando yake. Huo mvutano ndio unaokusisimua mwili. Wala si siri ya kiroho, ni hesabu inayochezwa na mwili.

Rudi sasa kwenye programu yako. Wewe ni mtu wa singeli, kwa hiyo mradi wako umeufungua kwa hesabu ya nne, na kila pigo umeligawa mara nne. Yanvalou inaligawa pigo mara tatu. Ukibonyeza kitufe cha kubana mapigo kwenye gridi, programu inafanya kile ilichoambiwa: hesabu ya pili ya kila pigo, ambayo inapaswa kukaa kwenye theluthi moja, inavutwa hadi robo, na ya tatu, iliyopaswa kukaa kwenye theluthi mbili, inasukumwa hadi robo tatu. Kila pigo limepinda pande mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ngoma “imelewa”. Umeinywesha wewe. Fungua mradi upya kwa hesabu ya 12/8, yaani mapigo manne yenye hesabu ndogo tatu kila moja, au kama unatumia FL Studio chagua mgao wa theluthi ya pigo. Kisha ile ngoma iliyorekodiwa na binadamu usiibane kabisa. Badala yake tengeneza ramani ya mwendo: weka alama pale kila mzunguko wa chuma unapoanza, na uiamuru programu ifuate alama zako. Mpigaji akichangamka, klik, ile saa ya programu, nayo ichangamke. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini ndiyo inayotenganisha muziki wa aina hii na okestra iliyopakwa ngoma usoni.

Fidla kuchelewa ni jambo jingine kabisa, na hapa lawama si yako. Mkono ukigonga ngozi, sauti inatoka papo hapo. Upinde ukigusa uzi, uzi unahitaji muda kidogo kuanza kuimba. Waliotengeneza sauti za okestra za kompyuta waliurekodi na huo muda, kwa hiyo noti unayoibonyeza sasa inafika masikioni baada ya makumi ya milisekunde, na kwa zile sauti ndefu za kuunganisha inaweza kupita mia. Piga hesabu mwenyewe. Yanvalou ikienda kwa mapigo makubwa 100 kwa dakika, kila pigo ni milisekunde 600, na kila hesabu ndogo ni 200. Fidla ikichelewa 100 imeshaanguka katikati ya hesabu mbili, mahali ambapo katika muziki ule hapakai mtu. Dawa ni rahisi. Karibu kila programu ina sehemu ya kuirudisha njia nzima ya chombo kimoja mapema kwa milisekunde unazotaka. Sauti fupi za kudokoa zirudishe kidogo, ndefu zirudishe zaidi, kila aina kwenye njia yake. Usitafute namba kwa mtu. Weka noti moja sambamba na chuma, sikiliza, sogeza, hadi visikike kuwa kimoja.

Hayo mawili yatakutibu nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili ni ya utunzi, na hapa ndipo maprodyuza wengi wanapoharibu hata wakiwa na mitambo ya maana. Wanaichukua ngoma kama ukuta wa nyuma wa kupambia, halafu wanazijaza fidla kila pembe. Manman haipigi ukutani. Inazungumza na mcheza, na kuna wakati inakata mdundo ghafla, kitu wanachokiita kase, mcheza anayumba, halafu inaurudisha mdundo mahali pake. Okestra yako ikiwa inamwaga sauti nzito za chini wakati manman inakata, umemfunika mzee mdomo. Chelo na besi ndizo adui mkubwa, kwa sababu zinakaa chumba kimoja na ngoma kubwa. Wakati manman inasema, zinyamazishe au zibakize noti moja tu ndefu. Fidla za juu ziachie kazi ya waitikiaji: manju anaita, watu wanaitika, fidla zinaitika pamoja nao kwa sauti ileile, bila kuwazidi.

Kama unataka kusikia fidla iliyofundishwa adabu na ngoma, huna haja ya kwenda Brussels. Vuka maji hadi Unguja usikilize kidumbak: fidla moja, vidumbak viwili, sanduku la kamba, cherewa na mkwasa. Fidla pale haielei juu ya ngoma. Inauma na kuachia kama chombo cha kupigwa. Mpiga fidla wa kidumbak akikaa na wapigaji wako kwa mchana mmoja, utajifunza zaidi ya nitakachokuandikia hapa.

Kuna na suala la sauti kukubaliana. Kundi la waimbaji wa jadi haliimbi kwa kipimo cha piano, na likikolea linapanda polepole. Wengi wanakimbilia programu ya kunyoosha sauti, na hapo roho ya wimbo inatoka. Fanya kinyume. Tafuta waimbaji wameangukia wapi, kisha okestra nzima ya kompyuta uishushe au uipandishe iwafuate wao. Inawezekana kwa kugeuza namba moja tu. Na usiwajazie chini yao noti nyingi zinazopigwa kwa pamoja kama kwenye kinanda cha kanisani. Nyimbo nyingi za aina hii zinatembea kwenye noti chache, tano hivi, na hazihitaji mtu wa kuzieleza. Noti moja ya chini inayodumu, na nyingine ya tano juu yake, zinatosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kitu kimoja cha gemu chenyewe, kwa kifupi, maana najua rafiki yako ataniuliza. Filamu inajua dakika ijayo ina nini, gemu haijui. Mchezaji anaweza kujificha kwenye miwa kwa nusu saa. Kwa hiyo usimpelekee rafiki yako wimbo mmoja uliomalizika. Mpelekee tabaka: chuma na boula peke yake, segon, manman, waitikiaji, fidla, kila moja faili lake, zote zikiwa na urefu uleule na zikianzia 1 ya mzunguko. Hatari ikikaribia, gemu inaongeza tabaka. Programu kama FMOD na Wwise zimetengenezwa kwa kazi hii, na FMOD ina leseni ya bure kwa miradi midogo. Uzuri wa muziki wa mzunguko ni kwamba unavumilia kurudiwa, kwa kuwa uliumbwa urudiwe. Ila waambie wabadili tabaka kwenye mwanzo wa mzunguko tu. Wakikata kwenye 8, kila mwenye sikio atajua.

Tuje kwenye kauli yako kwamba nyimbo za asili hazina mwenyewe. Hapa sitakubembeleza.

Wimbo wa jadi unaweza kuwa hauna mtunzi anayejulikana kwa jina. Hilo ni kweli. Lakini ulichokata si wimbo. Umekata uimbaji wa watu fulani, siku fulani, uliorekodiwa na mtu fulani. Hivyo ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina haki zake. Wimbo wenyewe unaweza kuwa huru kwa yeyote kuuimba. Waimbaji wana haki juu ya uimbaji wao. Aliyerekodi ana haki juu ya rekodi yake. Uzee wa wimbo hauifanyi rekodi mpya kuwa ya bure, kama vile “Malaika” kujulikana na kila mtu kusivyokupa ruhusa ya kunyofoa sauti ya Miriam Makeba. Hata rekodi za zamani si jaa la kuchukulia. Alan Lomax alirekodi Haiti kuanzia Desemba 1936 hadi Aprili 1937 kwa ajili ya Maktaba ya Bunge ya Marekani, na zilipotolewa kwa umma mwaka 2009 zilitolewa kwa utaratibu, na wapo wanaozisimamia. Unaandika barua, unaeleza kazi yako, unasubiri jibu.

Na sheria za kwetu hazijalala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake. Kenya ilitunga sheria yake ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016. Kwa hiyo hata ukiuacha wimbo wa Haiti ukachukua wa bibi yako, bado kuna mlango wa kubisha.

Weka sheria pembeni. Ulichokata ni watu wakiwa ibadani. Fikiria mtu wa Montréal akichukua sauti ya maulidi ya mtaani kwenu, ya wazee unaowajua, akaiweka chini ya mapanga na bastola. Hata kama hakuna mahakama itakayomwita, ungejua amekosa adabu.

Hapo ndipo nafika kwa mama, maana yeye na mimi hatuko mbali sana. Mwambie, kwa upole na akiwa ametulia, mambo haya. Si kila wimbo wa Haiti ni wa ibada. Kuna za kulima kwa ujima, wanaouita kombit, zenye manju wao anayewapigisha majembe. Kuna za rara, zinazopita barabarani msimu wa Kwaresima na mianzi inayopulizwa, kila mmoja noti yake. Kuna za watoto. Zile za ibada zipo pia, na ni za dini ya watu: Vodou ilitambuliwa rasmi na serikali ya Haiti mwaka 2003. Filamu ndizo zilizoigeuza kuwa sindano na vinyago. Lakini usimwambie mama kwamba hofu yake ni ushamba. Haiti kwenyewe Wakristo wengi hawataki nyimbo hizo nyumbani kwao, na mwaka 1941 na 1942 Kanisa Katoliki liliendesha kampeni kali ya kuzipinga, ngoma na vifaa vya ibada vikachomwa moto. Ni mjadala wa wenye nyumba, umeanza kabla yako. Ukitumia spika za masikioni nyumbani kwa mama, na wimbo wa ibada usiouelewa ukauacha kwa wanaouelewa, sidhani kama kutakuwa na ugomvi.

Akikuuliza hayo yanatuhusu nini sisi wa pwani, lipo jibu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Wengi wa waliochukuliwa kwenye pwani hii na Wafaransa waliishia kwenye mashamba ya Mauritius na Réunion. Lakini miaka hiyohiyo meli nyingine zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, na kuwafikisha watu wa Msumbiji na pwani yake hadi Saint-Domingue kwenyewe, na wenye mashamba wakawaandika kwenye orodha zao kwa jina la Mozambiques. Walikuwa wachache mbele ya watu wa Kongo na wa Benin, ambao ndio alama zao zinasikika zaidi katika ngoma za huko. Ila walikuwepo, na baadhi yao bila shaka waliuona mwaka 1791, watumwa walipoinuka, hadi Haiti ikawa huru tarehe 1 Januari 1804.

Haya, ufanyeje. Njia ya kwanza ni kununua pakiti za sauti za ngoma za Haiti zenye leseni. Ni rahisi na kisheria uko salama. Lakini utapata vipande vya mizunguko miwili mitatu visivyo na manman inayojibu chochote, na baada ya dakika kumi za gemu sikio litachoka. Kwa kujifunzia ni nzuri. Njia ya pili ni kulitafuta kundi la Kihaiti, liko Port-au-Prince, New York au Montréal, mkubaliane malipo, warekodi kwao wakutumie tabaka kwa tabaka. Hii ndiyo njia ya Derivière kwa kipimo chako. Itakula bajeti, na mkataba uandikwe: gemu gani, nchi zipi, gemu ikiuza sana inakuwaje, majina yao yanaonekana wapi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea, na nadhani ulishaikaribia bila kujua. Gemu ya rafiki yako ni ya watoro wa pwani hii. Yanvalou inafanya nini Pangani? Freedom Cry inagonga kwa sababu ngoma zile ni za mahali pale pale hadithi inapotokea. Ukizihamishia kwetu unabaki na harufu ya chakula cha jirani. Hapo Tanga umezungukwa na Wadigo, Wabondei, Wazigua na Wasambaa, na wazee wenye nyimbo za kulimia, za kutwangia, za harusini. Mdumange bado unachezwa. (Baikoko tuiache kwanza, mama tumeshamchokoza vya kutosha.) Chukua kutoka Haiti mbinu: chuma kwanza, ngoma ya kusema ipewe nafasi, okestra iitike. Nyimbo zichukue nyumbani, kwa ruhusa na kwa malipo. Hasara ya njia hii nayo nikuambie wazi: itakuchukua miezi, si wiki, na wazee hawaji studio saa mbili kamili kwa kuwa wewe umelipia chumba.

Ukienda kurekodi, usianze na klik. Waache wapige wenyewe hadi wakolee, ndipo uwashe. Chuma kiwekee maikrofoni yake peke yake, kwa sababu ndicho utakachofuata wakati wa kuchora ramani ya mwendo. Ngoma kubwa iwe na moja karibu na ngozi na nyingine hatua mbili mbele, na waimbaji wakae pamoja, wasitenganishwe kwa vizuizi. Watu wanaoitikiana wanahitaji kuonana nyuso. Rekodi dakika nyingi kuliko unazohitaji, na umwombe mzee mmoja akueleze kila wimbo unaimbwa lini na usiimbwe lini. Hayo nayo yarekodi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi. Kama baada ya juma moja la kijiko na chupa mguu na mkono bado vinagombana, usihangaike peke yako. Tafuta mpigaji akae mbele yako, mtaani kwenu au pale TaSUBa Bagamoyo, ambako wapo walimu wa ngoma kazi yao ni hiyo. Mdundo unahama kutoka mwili hadi mwili, na saa moja ya kushikwa mkono itakuondolea kisichoondoka kwa video. Kwa fidla, Zanzibar kuna chuo cha muziki, DCMA, na wahitimu wake wamezoea kupiga pamoja na ngoma. Kwa upande wa haki, usiweke gemu sokoni kabla hujafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na mikataba yako mkononi. Na kama gemu itauzwa nje ya nchi, tafuta mwanasheria wa hakimiliki ausome na mkataba kati yako na rafiki yako, kwa sababu urafiki mwingi umevunjikia kwenye asilimia ambazo hazikuandikwa.

Kwa leo, ile sauti ya video itoe kwenye mradi, na nakala zake uzifute, usije ukajisahau ukaisafirisha na faili la mwisho. Ukishapata rekodi ya kwanza ya wazee wako, nitumie chuma na ngoma tu, bila fidla hata moja. Nikiona mguu wangu umeanza kukanyaga, nitakuambia uendelee.